Mashabiki wa Simba na Yanga hapa Kigoma: Jumapili njooni mshike fimbo, tuone kama mdomo unapiga mpira

Fimbo Kumi na Nne (mleta uzi), Jumatatu usiku

Wakuu, kwema?

Leo jioni nilikuwa kijiweni Mwanga, kahawa na kashata, nasikiliza watu wazima saba wakibishana saa nzima kuhusu penalti ya mwaka juzi. Nikachomekea kwamba kwenye gofu ubishi huo haupo kwa sababu mchezaji anajishtaki mwenyewe. Wee! Nilichekwa mpaka muuza kahawa akasahau kumimina. Mmoja akasema gofu ni matembezi ya wenye vitambi. Mwingine akauliza kama kile kifimbo ni cha kufukuzia mbwa.

Naleta hapa maana kule nilizidiwa sauti.

Mwaka 1925, mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones anajiandaa kupiga, mpira ukacheza kidogo kwenye majani. Hakuna aliyeona. Akawafuata waamuzi: niongezeeni mpigo mmoja. Wao wanasita, yeye anang'ang'ania. Hesabu ya mwisho akalingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, akashindwa. Mpigo ule mmoja ndio uliokula kombe. Na alikuwa mchezaji wa ridhaa, halipwi hata senti.

Haya, nitajieni mshambuliaji wenu mmoja aliyewahi kumfuata refa akamwambia "mzee, nimejiangusha".

Tuna sehemu yetu ya kupigia. Ni shamba la mjomba wangu njia ya Mwandiga, msimu huu limepumzishwa. Tumechimba mashimo matatu. Kopo la rangi la lita moja ndilo kikombe chetu. Sheria inataka kipenyo cha milimita 108 na kopo lile, kwa rula yangu, halipishani sana. Majani laini hatuna, hivyo kuzunguka kila shimo tumemwaga mchanga wa ziwani tukaushindilia kwa maji.

Masharti: watu watatu kwa watatu. Kwanza gofu mashimo matatu, halafu penalti tatu kila mtu. Atakayeshindwa anawalisha wote mgebuka wa kuchoma Kibirizi.

Kolo wa Mwanga

Wa kifimbo cha mbwa ni mimi, na sijutii. Naongoza timu ya mpira. Huyo Bobby wako kajinyima kombe mwenyewe halafu mnamsifu? Angekuwa Simba angeshaitwa kwenye kikao.

Mwananchi Gungu

Leo tu nakubaliana na Kolo, kesho tunarudi kwenye uadui. Maradona 1986 alifunga kwa mkono dhidi ya Uingereza, dakika chache baadaye akawapiga chenga nusu timu akafunga lingine. Dunia nzima inamkumbuka. Bobby mimi nimemsikia leo, tena kwa mtu aliyezidiwa sauti kijiweni.

Fimbo Kumi na Nne

Si ndiyo shida yenu. Mwizi mnampigia makofi kwa sababu wizi wake ulikuwa mtamu.

Mwananchi Gungu

Ulikuwa mtamu kweli.

Reli ya Kati

Mimi niko tayari kuwa wa pili kwa timu ya Kolo, ila naomba kuelezwa kama abiria aliyechelewa kupanda. Nyie mnapiga kila siku, sisi hatujawahi. Hapo haki iko wapi?

Fimbo Kumi na Nne

Reli, swali zuri. Kuna kitu kinaitwa handikapu. Mchezaji hodari na mchovu wanashindana sawa kwa sababu yule mchovu anapunguziwa mipigo wakati wa hesabu. Chukulia Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, anacheza na Simba pale uwanja wa Lake Tanganyika, halafu kabla ya filimbi ubao unasoma Mashujaa 2, Simba 0. Basi kila shabiki Jumapili tutampunguzia mipigo miwili kwa shimo.

Mgebuka Mkavu

Mfano umekosea njia mkuu. Mashujaa haombi kupunguziwa. Desemba 2018 tuko daraja la chini tulimfuata Mnyama Simba Dar es Salaam tukamtoa Kombe la Shirikisho 3-2. Aprili 2024 akaletwa hapa kwetu, 1-1, tukammaliza kwa matuta 6-5. Mwenye kuhitaji handikapu hapo ni nani? Lekadutigite!

Kolo wa Mwanga

Mgebuka, uzi ni wa gofu. Usilete mambo ya msiba.

Mwananchi Gungu

Hahaha, aendelee! Mgebuka, endelea ndugu yangu, wengine hatukusikia vizuri. 6 kwa ngapi?

Kolo wa Mwanga

Wewe wa kucheka? Julai 2021, fainali ya kombe hilo hilo, uwanja huo huo wa Lake Tanganyika, Taddeo Lwanga alikufanya nini? Mji ulijaa hata mimi nililaza wageni wanne sebuleni, wawili wakiwa Yanga. Asubuhi waliondoka bila kunywa chai.

Mwananchi Gungu

1-0 moja miaka ile. Novemba 2023 ilikuwa 5-1. Nikuletee chai?

Kolo wa Mwanga

Mei 2012 ilikuwa 5-0. Kikombe chako kipo?

Fimbo Kumi na Nne

Wakuu, rudini kwenye gofu.

Nyuki wa Isevya

Wana Kigoma, nawapigia hodi kutoka Tabora. Nimesoma mpaka hapa naona Mwananchi anagawa chai huku yeye mwenyewe Novemba 2024 sisi Tabora United tulimnywesha asali 3-1, tena huko huko Dar. Mtu wa Yanga akiona mzinga mpaka leo anavuka barabara.

Mgebuka Mkavu

Karibu jirani. Nyie si ndio mliopanda ligi 2023 mechi ya kwanza na Azam mkaingia uwanjani watu 8, mpira ukavunjika hata jasho halijatoka? Mngechagua gofu. Gofu unaweza kuja peke yako na ukahesabika.

Nyuki wa Isevya

Nimeumia, ila nimecheka.

Mwananchi Gungu

Na siku hizi timu yenyewe imekuwa TRA United, ya mamlaka ya kodi. Mkifungwa mnadai risiti, mkifunga mnatoa risiti.

Mama Mawese, Jumanne asubuhi

Salamu kwenu. Mimi na Jino la Dhahabu ndio wenzake Fimbo. Naweka jina mapema kwa sababu kuna bwana kanifuata kwenye ujumbe wa faragha anauliza wanawake gofu wanaiweza wapi. Kaka, Madina Iddi, Angel Eaton, Hawa Wanyeche: watafute hao majina halafu urudi hapa hadharani, si kunong'ona.

Kadi za alama nitaandika mimi. Kila mtu atangaze mpira wake kabla ya kuanza, maana kila mpira una namba na kila mtu anaweka alama yake.

Fimbo Kumi na Nne

Wangu natangaza kuanzia leo: namba 2, nukta tatu nyekundu. Rangi ya kucha ya mke wangu. Amelalamika sana lakini imeshakauka.

Binti Ujiji

Mnashindilia mchanga kwa maji, jua la kiangazi hili? Si utapasuka kabla ya saa nne. Pakeni mawese, Kigoma hatuna shida ya mafuta.

Jino la Dhahabu

Binti, unacheka lakini zamani kwenye viwanja vikavu walikuwa wanachanganya mchanga na mafuta kweli, ili mpira uviringike. Mawese ni hofu ya siafu tu.

Binti Ujiji

Siafu watakuwa watazamaji. Waliobaki wako kwenye mechi.

Mzee wa Bangwe

Vijana, hamjambo. Mimi nilibeba mikoba ya wacheza gofu Moshi nikiwa darasa la sita, kabla reli haijanileta huku. Naomba kusema mawili. Kwanza, Kolo, ukikusudia kupiga mpira ukaukosa, ukapiga hewa, ule ni mpigo. Unahesabiwa. Pili, mpira ukipotea mnautafuta dakika tatu. Zamani zilikuwa tano, wakapunguza 2019. Zikiisha unarudi ulikopigia, unaongezewa mpigo mmoja wa adhabu na unapiga tena. Hapo ndipo watu wanapojulikana.

Kolo wa Mwanga

Shikamoo mzee. Hewa nayo inahesabiwa? Mpira wa miguu ukipiga hewa unaambiwa "jaribu tena baba".

Mzee wa Bangwe

Marahaba. Kwetu anaambiwa "mbili".

Reli ya Kati

Mzee, je, wakubwa nao huwa wanaharibu, au ni sisi tu?

Mzee wa Bangwe

Wanaharibu kuliko wewe, kwa kuwa wanatazamwa. 1999 kule Carnoustie, Scotland, Mfaransa Jean van de Velde aliingia shimo la mwisho anaongoza kwa mipigo mitatu. Alihitaji sita tu achukue kombe. Akapiga mawe, akapiga majani, akavua viatu akaingia kwenye kijito. Akamaliza kwa saba, wakarudiana, kombe likaenda kwa Paul Lawrie. Kichwa ndicho kilichomshinda.

Nyuki wa Isevya, Jumamosi

Nimedandia treni. Mfuko una asali chupa mbili. Atakayeshinda ndiye wangu.

Reli ya Kati, Jumapili saa 3 usiku

Ripoti kamili hii hapa, nimeahidi kuandika bila upendeleo ingawa nilikuwa mchezaji.

Tulifika saa mbili asubuhi tukidhani tutakuwa kumi. Tukakuta watu kama hamsini na mama wa maandazi ameshatandika. Watoto wa jirani wamejipanga kama askari. Hawa watoto ndio wenye gofu ya Mwandiga kwa kweli: wanaokota mipira iliyopotea wanawauzia wenyewe shilingi 500. Fimbo aliwapa maelekezo wasiingie kwenye mihogo ya jirani iliyo kando ya shimo la pili, wataikanyaga.

Shimo la kwanza, hatua kama tisini. Kolo akatangulia, kavaa jezi nyekundu, soksi mpaka magotini. Akauliza kipa yuko upande gani. Akakunja mgongo, akazungusha fimbo kwa nguvu zote za Msimbazi, vumbi likapanda, mpira ukabaki pale pale unamtazama. Watoto: "MOJAAA!" Akazungusha tena. "MBILIII!" Mara ya tatu fimbo ikamponyoka ikatua karibu na maandazi. Mama Mawese akauliza kwa upole kama hiyo aandike. Kolo akajibu, na hapa nanukuu maana sikuamini masikio yangu: "Andika mama. Watoto wameona." Kwa mashimo yote matatu alipiga hewa mara tano na zote tano ziko kwenye kadi. Jumla 21.

Mwananchi alipata 19. Huyu aligundua kwamba ukiishika fimbo chini kabisa kama jembe la palizi mpira unakwenda, haupai lakini unakwenda. Mzee wa Bangwe alifumba macho. Mimi nilipata 16 na sitajisifu, ila mpigo wangu wa mwisho pale shimo la tatu uliviringika hatua nane ukaingia koponi, ile sauti ya "kolong'!" bado iko masikioni. Nikawaelewa hawa watu. Unapiga vibaya mara kumi na tano, mmoja unatoka sawa, na huo mmoja unakurudisha wiki ijayo.

Wenyewe sasa. Jino la Dhahabu 11, anapiga taratibu kama anang'oa jino la mtoto. Mama Mawese 14, mchanga ulimkamata shimo la kwanza. Fimbo 12. Shimo la pili mpira wake ulikata kulia ukaishia kwenye mihogo, tukasema huyo basi, akaingia peke yake, dakika mbili hivi tukasikia "Nimeupata!" Na bahati yake ulikuwa umekaa pazuri ajabu, kwenye kauchochoro cheupe, akautoa kwa mpigo mmoja mpaka kwenye mchanga. Watu walipiga makofi.

Hesabu: gofu 37. Sisi 56, toa 18 za handikapu, 38. Tumeshindwa kwa mpigo mmoja!

Penalti. Golini alikaa binti wa sekondari, kipa wa timu ya shule yao, glovu zake mwenyewe. Mimi tatu kwa tatu. Mwananchi mbili. Kolo, kocha wetu, mchambuzi wetu, mtu anayejua kila penalti iliyopigwa nchi hii, alifunga moja; ya pili ilidakwa, ya tatu mpaka naandika haijaonekana. Kwa wenzetu Fimbo sifuri, Jino moja. Halafu Mama Mawese akakunja kanga, akapiga tatu, zote chini kulia, kipa hakugusa. Akasema ana kaka watano. Jumla 6 kwa 4, tumeshinda.

Kwa hiyo 1-1. Mgebuka tunachangia wote. Picha nimeweka chini: Kolo na vumbi, Mama Mawese na kanga, Fimbo anatoa mpira koponi shimo la tatu.

Kolo wa Mwanga

Reli, ile picha ya vumbi ifute. Nina wakwe humu.

Fimbo Kumi na Nne

Hongereni wote. Mmeona wenyewe, hakukuwa na refa na hakuna aliyegombana. Ndicho nilichokuwa nasema.

Kolo wa Mwanga, Jumatano mchana

Wakuu, nina jambo dogo.

Asubuhi nimepita Mwandiga, nikasimamishwa na kijana wa kama miaka tisa, "anko, mpira, mia tano". Nikanunua, nimeanza kupenda huu mchezo, nisiwafiche. Kasema aliuokota jana kwenye mihogo kando ya shimo la pili, jirani alipokuwa anachimba. Nimefika nyumbani nimeusafisha. Namba 2. Nukta tatu nyekundu.

Fimbo, si uliupata?

Mwananchi Gungu

Nipo pale nimekaa.

Nyuki wa Isevya

Treni yangu ni kesho. Naiahirisha.

Binti Ujiji

Labda ana mipira mingi ya namba 2, jamani. Tusimhukumu mtu.

Mama Mawese

Kadi ninayo mimi. Mpira aliotangaza siku ile ulikuwa mmoja, namba 2.

Jino la Dhahabu

Nimekuza picha ya Reli ya shimo la tatu. Mpira ulio mkononi mwake una nukta tatu, ni kweli. Ila ni namba 4. Naumia kuandika hivi, huyu ni mwenzangu.

Mwananchi Gungu

Mkono wa Maradona umeonekana njia ya Mwandiga.

Mgebuka Mkavu

Mleta uzi anasoma, namwona yuko hewani. Hajibu.

Fimbo Kumi na Nne, Jumatano saa 5 usiku

Nimekaa na simu tangu saa nane.

Sikuupata. Nilitafuta, nikaona dakika zinakwisha. Kumbukeni nilikuwa nimewaandikia hapa habari ndefu ya Bobby Jones, watu hamsini wako nje wananisubiri, Kolo wa watu wote ameshaandikisha hewa zake tano bila kubisha. Nikawaza natokaje humu kwenye mihogo mikono mitupu, nirudi nyuma kupiga upya mbele ya wale watoto. Mfukoni nilikuwa na wa akiba. Ukadondoka. Yaani niliudondosha. Nikapaza sauti.

Usiku ule sikulala vizuri, na mke wangu hakunisaidia, aliniuliza mara moja tu: rangi yangu ya kucha umeifanyia nini?

Mzee wa Bangwe, shikamoo. Hesabu yake inakuwaje?

Mzee wa Bangwe

Marahaba mwanangu. Mpigo wa adhabu na kurudi nyuma, hiyo ni miwili juu ya ulichoandika. 37 inakuwa 39, wenzako wana 38. Hiyo ni hesabu ya kirafiki. Kwenye mashindano yenyewe, mtu akikabidhi kadi yenye mipigo pungufu kuliko aliyopiga, anatolewa kabisa. Na kwa kukusudia, hata klabuni wangekuita.

Kolo wa Mwanga

Kumbe na nyie mna kikao.

Reli ya Kati

Basi gofu tumeshinda 38 kwa 39, penalti 6 kwa 4. Mbili bila. Nyuki, asali ni yetu.

Mwananchi Gungu

Mimi nilichukia sana dakika ya kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba wiki iliyopita nilimtetea Maradona hapa kwa nguvu zote. Siwezi kumtetea yule nikamchoma huyu, na huyu kakiri siku hiyo hiyo aliyoulizwa. Lakini mgebuka atanunua peke yake, wenzake wasiguswe.

Kolo wa Mwanga

Naunga mkono. Na Jumapili ijayo nataka kurudi shambani. Nimenunua mipira minne kwa yule mtoto, kaniuzia mmoja mara mbili. Fimbo atanifundisha kupiga, kadi ataandika mwingine.

Mama Mawese, Alhamisi

Kibirizi kesho saa kumi na moja jioni. Nimeagiza mgebuka kumi na mbili na ugali wa muhogo. Muuzaji anataka nusu kabla.

Fimbo Kumi na Nne

Nimetuma yote. Nimeongeza wa kumi na tatu, yule kijana wa mipira naye aje.

Kolo wa Mwanga

Umetuma, au "umeupata"?

Mama Mawese

Imeingia.